Maiki ya Laki Nne Kwa Keja ya Thao Nane: Soma Hii Kabla Ukope Pesa za Chama

Kuna sauti moja Kenya hii kila mtu anaijua, lakini mwenyewe akipita karibu nawe pale Archives huwezi mgeuzia shingo. Ni ile inakuambia mteja uliyempigia hapatikani kwa sasa. Ongeza ile ya benki inayokubonyezesha moja, mbili, nyota, ongeza za matangazo ya sabuni, za kampuni za kubeti, za siasa wakati wa kampeni. Zote ni kazi. Kuna mtu alikaa mbele ya maiki, akasoma karatasi, akalipwa.

Na tangu Lupita Nyong'o atoe sauti ya Roz, yule roboti wa The Wild Robot ya 2024, kila msee mwenye bezi kooni na kila dem mwenye sauti ya asali ameambiwa hivi angalau mara moja: "Manze, si ufanye voisova?" Unaskia poa. Unaenda YouTube kuangalia vifaa, na kila mzungu hapo anataja jina moja: Neumann U 87. Unatafuta bei. Halafu unakaa chini kwanza.

Dola zaidi ya 3,000 huko Marekani. Kwa pesa zetu hiyo inakaribia laki nne, kabla ndege haijaileta na kabla KRA haijasema habari yako. Na wewe uko bedsita ya thao nane, ukuta umeshikana na wa jirani ambaye ana wufa.

Sasa, hapa ndipo wasee wengi wanakosea hesabu. Wanaona hiyo maiki ndio tiketi. Wanaenda kwa chama, kwa sacco, kwa zile apu za mkopo, wanajaza fomu. Mimi sikuambii usinunue. Nakuambia kwanza ujue ni nini hasa unauziwa, juu ukishajua, unaweza pata kwamba unahitaji kitu cha robo ya hiyo bei. Ama unaweza pata kwamba ni kweli unahitaji ile kubwa, na hapo utainunua na macho yamefunguka.

Ndani ya hiyo chuma kuna nini?

Maiki za studio nyingi ni za aina mbili. Ya kwanza ni dainamiki. Hii ni spika iliyogeuzwa: sauti yako inasukuma utando, utando unasukuma koili ndani ya sumaku, umeme kidogo unatoka. Ni ngumu, haiogopi kelele, haiogopi kuangushwa sana. Shure SM7B ni ya familia hii, na pia Electro-Voice RE20, ile utaona kwa picha za stesheni nyingi za redio duniani. RE20 ilitoka 1968 na bado inauzwa, ebu fikiria.

Ya pili ni kondensa. Hapa kuna utando mwembamba sana wa plastiki uliopakwa dhahabu, umekaa karibu kabisa na sahani ya chuma bila kugusana. Vyote viwili vimechajiwa umeme. Ukiongea, utando unatikisika, nafasi kati yao inabadilika, na mabadiliko hayo ndiyo sauti yako. Juu utando wenyewe ni mwepesi, kondensa inashika vitu vidogo vidogo: pumzi, mate mdomoni, kucheka kidogo ndani ya neno. Ndio maana watu wa kazi za sauti wanaipenda. Na ndio maana inashika pia jogoo wa keateka.

Kondensa za studio zinahitaji volti 48 kutoka kwa intafesi, ule umeme unaopandishwa na kebo ya XLR yenyewe. Kuna kitufe kimeandikwa 48V. Ukisahau kukiwasha, maiki ya laki nne inakuwa rungu.

Hizo U 87, TLM 103 na Sennheiser MKH 416 ambazo utasikia zikitajwa kila mahali, zote ni kondensa. Neumann ni kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa Berlin mwaka wa 1928, na Sennheiser waliinunua 1991. Kwa hivyo ukiona watu wanabishana mtandaoni kuhusu Neumann na Sennheiser kama Gor na Ingwe, jua ganji inaishia kwa nyumba moja.

Namba moja itakayokuchekesha

Kila maiki ina kelele yake yenyewe. Hata ukiiweka kwa chumba kisicho na sauti yoyote, kuna ka-mvumo kadogo kanatoka kwa umeme wake wa ndani. Watengenezaji wanakaandika kwa desibeli, na namba ikiwa chini ndio poa zaidi. Sasa angalia. U 87 Ai, ile ya zaidi ya dola 3,000, ina 12. MKH 416, ya karibu dola 1,000, ina 13. TLM 103, ya dola elfu moja na kitu, ina 7. Na Rode NT1 ya kizazi cha tano, kutoka Australia, ambayo Marekani inauzwa kama dola 250 hivi, ina 4.

Eeh. Ya bei ndogo ndiyo iliyo kimya kuliko zote.

Kwa hivyo mtu akikuambia ununue ya bei ghali "juu haina kelele", ujue huyo hajasoma hata karatasi inayokuja na boksi. Na bado hiyo si stori yote. Chumba cha kulala kilicho kimya usiku, bila gari wala TV, huwa na kelele ya karibu desibeli 30. Desibeli hazijumlishwi kama mbuzi. Ukichukua kelele ya chumba ya 30 na uongeze kelele ya maiki ya 12, jumla inabaki 30 na kasehemu ambako hakafiki hata moja ya kumi. Ukiweka ile ya 7, jumla ni hiyo hiyo kwa masikio yako. Chumba kimemeza tofauti yote. Yaani umelipa ili upate ukimya ambao nyumba yako haiwezi kukuonyesha.

Na hapo nimesema 30, chumba kimya. Pipeline saa mbili usiku si 30. Umoja na zile nganya zinashindana honi, si 30. Kama una friji kwa chumba hicho hicho, na wengi wetu ni chumba hicho hicho, hiyo motor yake peke yake inatosha kuharibu sentensi.

Kwa nini hii ni ya maana kwa mfuko wako? Juu mteja ana kipimo. Mfano ni ACX, soko la vitabu vya sauti la Amazon. Wanataka kelele ya chini, pale ambapo huongei, isizidi -60. Wanataka wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18, na kilele kisipite -3. Kenya haiko kwa orodha ya nchi zinazoruhusiwa kujiandikisha huko moja kwa moja, ni wakaazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland pekee, lakini hizo namba zimekuwa kama rula. Wateja wengi wa nje wanazitumia hata kama hawajui zilitoka wapi. Ukituma kazi yenye mvumo, hawakuulizi ulitumia maiki gani. Wanachukua msee mwingine, na wewe unabaki ukingoja jibu kwa imeili.

Sasa kwani pesa zinaenda wapi?

Swali fiti. Kama si ukimya, laki nne inanunua nini?

Kwanza, ladha. Kila maiki inanyanyua sehemu fulani za sauti na kushusha zingine. U 87 ilitoka 1967, ikaboreshwa kuwa Ai mwaka wa 1986, na kwa hiyo miaka yote imekuwa kwa studio za redio, filamu na muziki. Masikio ya watu wa matangazo yamezoea sauti ya binadamu ikipitia hapo. Ukiwapa hiyo ladha, wanasema "hii imekaa professional" bila kujua ni kwa nini. Ni kama chapo ya nyumbani, si ati ya hoteli ni mbaya, lakini ulimi una kumbukumbu.

Pili, kufanana. Hii hakuna mtu huieleza vizuri na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Tuseme umerekodi tangazo la duka mwezi wa pili. Mwezi wa nane mteja anarudi, bei imepanda, anataka urudie maneno matatu tu yashonwe ndani ya ile ya zamani. Kama maiki yako ya kwanza ilikufa na ukanunua nyingine ya aina hiyo hiyo ya bei ya chini, kuna uwezekano hazitoi sauti sawa, na ule mshono utasikika. Neumann wanapima kila moja ili ya leo ifanane na ya jana. Na ukiwa Nairobi na studio ya mteja iko Johannesburg au London, wao pia wana U 87 hapo. Sauti zinaungana bila vita.

Tatu, vipuri na kuuza tena. Maiki kubwa inarekebishika, na ukikwama maishani inauzika kwa bei ya heshima. Ile BM-800 ya Luthuli ikikufia, unapatia mtoto wa dadako achezee.

Nne, swichi. U 87 inaweza kusikiliza mbele pekee, ama pande zote, ama mbele na nyuma huku ikiziba pembeni. Kwa kazi ya sauti ya mtu mmoja utatumia ya mbele pekee, ile ya kadioidi, karibu siku zako zote. TLM 103 ina hiyo moja tu, na ndio sababu moja ya bei yake kuwa chini. Jiulize kama uko tayari kulipia milango miwili ambayo hutafungua.

Mimi kwa maoni yangu, msee wa kazi za sauti pekee, asiyerekodi kwaya wala gitaa, akiwa na hamu ya Neumann basi TLM 103 ndiyo ya kuangalia kwanza. Ina ukoo na U 87, ni kimya kuliko yenyewe, na bei ni theluthi hivi. Lakini iko na tabia moja ya kuchunga: kuanzia hezi 5,000 kwenda juu inanyanyua sauti kwa karibu desibeli 4. Hapo ndipo panakaa ung'avu, na hapo pia ndipo panakaa "sss" na "shh". Kama meno yako yana mwanya unaopiga filimbi kidogo, hiyo maiki itakutangaza.

Na ile ndefu kama bomba?

Hiyo ni MKH 416, shotgani. Urefu sentimita 25, nyembamba kama kalamu nono. Ilitengenezwa kwa ajili ya filamu na TV, ishikwe juu ya kichwa cha mwigizaji ikielekezwa kwake. Wasee wa promo huko Los Angeles wakaiingiza kwa vibanda vya sauti, na sasa ile sauti ya "Jumapili hii, saa tatu usiku" iliyokaa mbele kabisa ya muziki na milipuko, mara nyingi ni hiyo. Inakata. Inapita juu ya muziki bila kuongezwa sana.

Watu wa Nairobi wanaipenda kwa sababu wameambiwa inasikiliza mbele pekee, kwa hivyo itaziba matatu. Nusu ni ukweli. Ule mrija wenye matundu pembeni unaziba vizuri sauti nyembamba zinazotoka ubavuni, kama ndege, filimbi, watoto wakipiga kelele kwa ngazi. Sauti nzito haiwezi kuzizuia vile. Wufa ya jirani na injini ya lori zitaingia tu. Halafu ukiiweka kwa chumba kidogo chenye kuta tupu, sauti yako inagonga ukuta, inarudi kupitia pembeni mwa ule mrija, na inarudi ikiwa imepinda. Unasikika kama uko ndani ya mtungi wa maji.

Lakini kama uko Mombasa, Lamu, Malindi, ama mahali popote hewa imejaa unyevu, skiza hapa. Kondensa za kawaida huwa zinasumbuka na unyevu: maji kidogo yanakaa kwenye utando, unaanza kusikia mipasuko kama mahindi ya kuchoma. MKH 416 inatumia njia tofauti ya umeme ndani, ya mawimbi ya redio, na inavumilia unyevu vizuri zaidi. Mtu wa Pwani ana sababu ya ukweli ya kuichagua ambayo msee wa Limuru hana.

Chumba ndicho kitakulipa, ama kikufukuze kazi

Fanya hivi leo kabla ya kuongea na muuzaji yeyote. Simama mahali unapanga kurekodia. Piga kofi moja la nguvu. Ukisikia mlio mfupi wa "ting" ukifuata, hapo kuna mwangwi, na kondensa ya bei yoyote itaushika. Halafu chukua simu yako, rekodi sekunde 30 za kunyamaza, usikilize na hedifoni ukiwa umeongeza sauti mpaka mwisho. Andika kila kitu unachosikia. Friji. Feni ya laptopu. Boda. Bomba la maji la juu. Hiyo orodha ndiyo adui yako, na hakuna kati yao anayeogopa jina Neumann.

Kuna vitu viwili hapa watu wanachanganya kila siku. Kuzuia kelele ya nje isiingie, na kuzuia sauti yako isirukeruke ndani. Ya kwanza inataka uzito: ukuta mnene, mlango mzito, matundu yote kuzibwa. Ukiwa mpangaji, hiyo ni ngumu, na mwenye nyumba hatakuelewa. Unachoweza kubadilisha ni saa na mahali. Saa tisa usiku ni dhahabu mtaani, ukiondoa mbwa na wale walevi wa kurudi na nyimbo. Kama una paa la mabati na ni msimu wa mvua, weka tu kwa mkataba kwamba kazi inachukua siku mbili.

Ya pili inataka vitu laini na vinene. Blanketi nzito, duvei za mitumba kutoka Gikomba, godoro lililosimamishwa ukutani, kabati lenye nguo nyingi. Weka nyuma yako pia, si mbele pekee, juu maiki inakuangalia wewe na ukuta ulio nyuma ya kichwa chako. Watu wanasahau hapo kila mara. Na trei za mayai, tafadhali, wacheni. Ni karatasi nyembamba. Hazizuii kelele ya nje hata kidogo, na kwa mwangwi zinafanya kitu kidogo sana kwa sauti za juu pekee. Zinapendeza kwa picha za Instagram, na mende watakushukuru.

Halafu sogea karibu. Hii ni ya bure. Ukitoka sentimita 30 ukaja 15 kutoka kwa maiki, sauti yako inaongezeka desibeli 6 hivi, na kelele ya chumba inabaki palepale. Hakuna maiki utanunua itakupatia desibeli 6 za ukimya kwa kukanyaga hatua nusu. Tanua mkono, kidole gumba hadi kile kidogo cha mwisho: hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukikaribia zaidi ya hapo, bezi inafura. Wanaume wengi wanapenda huo ufuraji, wanasikia kama miungu. Mhariri anasikia matope.

Dainamiki inaingia kwa mjadala huu hapa, na ndio maana sizidharau. Kwa keja yenye kelele, SM7B ama RE20 ukiiongelea karibu inasamehe sana. RE20 hata imetengenezwa ili bezi isifure ukikaribia. SM7B nayo ina uchoyo: inatoa umeme kidogo sana, inahitaji intafesi yenye nguvu ya kuongeza karibu desibeli 60 ndiyo usikike bila mvumo. Wengi wananunua SM7B wakaunganisha na intafesi ya bei ya kutupa, halafu wanasema maiki ni mbovu.

Jaribu na Kiswahili, si na "one two, one two"

Video zote za kulinganisha maiki ni za Kiingereza cha Marekani. Wewe utasoma Kiswahili, labda na Sheng, labda na lugha ya mama. Kwa hivyo andika mistari yako ya kujaribia, iwe michafu makusudi. Mimi ningetumia hii: "Pata pesa papo hapo, pamoja na punguzo la papai na pilipili." Kila "p" hapo inarusha upepo. Maiki ikipiga "bumu" kwa kila neno, geuza pembe kidogo, uongee ukipita kando ya maiki badala ya kuipulizia usoni, na uweke pop filta. Halafu: "Shilingi sitini na sita za msimu wa sikukuu, sasa hivi, si kesho." Hiyo itakuonyesha kama maiki inakupiga filimbi.

Soma mistari hiyo kwa sauti ya kawaida, kwa kunong'ona, na kwa ile ya tangazo la kubeti. Rekodi kwa hezi 48,000 na biti 24, ndiyo kawaida ya kazi za video. Halafu peleka kwa mtu wa pili asikilize bila kumwambia ni maiki gani ni gani. Ukimwambia ya laki nne ni ipi, ataipenda. Binadamu ni hivyo.

Utazipata wapi hizi maiki za kujaribu kama huna ganji? Studio. Nairobi kuna studio nyingi zinazokodisha kwa saa, na zile kubwa zina Neumann. Uliza kabla ya kwenda. Lipia saa moja, beba flashi, rekodi mistari yako kwa kila maiki waliyo nayo. Hiyo saa moja itakufunza kuliko wiki nzima ya video.

Hiyo studio ya kukodi pia ni hesabu ya biashara. Tuseme, kwa mfano tu, saa moja ni 2,000 na wewe unapata kazi mbili kwa wiki. Hiyo ni 16,000 kwa mwezi. TLM 103 ikifika hapa na kila kitu iwe kama laki mbili, itachukua mwaka na mwezi mmoja hivi kujilipa. Hiyo inaeleweka. Lakini kama unapata kazi moja kwa miezi miwili, hiyo maiki itakaa kwa boksi huku riba ikikimbia. Na kumbuka malipo ya hii game yanachelewa. Kuna ejensi moja hapa jijini niliwahi kuiandikia skripti za matangazo, ganji ilikuja baada ya miezi minne na simu nyingi za "tuko kwa mchakato". Mkopo wa apu hauna subira ya miezi minne.

Ningekuwa na laki moja na ndio naanza, ningechukua maiki ya rika la Rode NT1, intafesi safi, stendi nzito, hedifoni za kufunga masikio, na zilizobaki zote zingeenda kwa duvei na mlango. Mzee Leonard Mambo Mbotela alisikika nchi hii yote kwa miongo, na sidhani kuna msikilizaji hata mmoja alikaa akajiuliza anatumia maiki ya bei gani.

Umeamua unanunua? Chunga hapa

Ukiagiza kutoka nje, usihesabu bei ya tovuti pekee. Kuna nauli na bima, kuna ushuru wa forodha, halafu VAT ya 16% inapigwa juu ya hiyo jumla yote, pamoja na ada za IDF na RDL. Wasee wengi hushtukia hapo JKIA, na mzigo unakaa stoo ukiongezewa gharama kila siku.

Ukinunua ya mkono wa pili hapa mtaani, feki ziko. Neumann ya 15,000 haipo duniani, hata kama mwenye nayo anaapa kwa mamake kwamba ilitoka kwa studio iliyofungwa. Beba laptopu yako, intafesi na hedifoni. U 87 Ai halisi ina uzito wa gramu 500, kwa hivyo hata mizani ya muuza nyanya itakusaidia. Halafu washa volti 48 na ucheze na ile swichi ya mbele. Ikiwa kwa kadioidi, zunguka uongee ukiwa nyuma yake: sauti lazima ianguke sana. Ipeleke kwa ile ya mbele na nyuma, uongee ukiwa ubavuni: sauti karibu ipotee kabisa, na nyuma sasa isikike kama mbele. Angalia pia nyuma kuna swichi mbili, moja ya kupunguza desibeli 10 na nyingine ya kukata bezi. Swichi ikigeuka na hakuna kitu kinabadilika, hiyo ni urembo.

Na kama anakutana nawe stejini, ama kwa ngazi za jengo fulani, na anasema hakuna stima ya kuijaribu, mwambie ni sawa, utarudi stima ikirudi.